Mwenye Mpini na Mwenye Makali: Historia ya Shoti kama Silaha

Kwenye kuta za kaburi la Ti, ofisa mkubwa wa Misri ya kale aliyezikwa Saqqara zaidi ya miaka 4,300 iliyopita, zimechongwa picha za wavuvi wakiwa kazini, na kati ya samaki waliomo yumo kambare wa umeme. Wavuvi wa mto Nile walimjua vizuri, kwa sababu aliyemgusa hakumsahau. Kambare huyu, ambaye jamaa zake wanapatikana pia katika mto Kongo na Ziwa Tanganyika, anaweza kutoa shoti ya volti 300 na zaidi. Anaitumia kulegeza windo lake na kumfukuza anayetaka kumla yeye. Hahitaji kulenga wala kushika. Maji yanayomzunguka yanapitisha umeme, na adui akiwa ndani ya maji hayo tayari amekwisha kufikiwa.

Sisi hatuna maji hayo. Kati ya mtu na anayemshambulia kuna hewa, na hewa inazuia umeme. Kisha kuna shati, fulana, pengine koti zito. Ndiyo maana historia nzima ya umeme kama silaha imezunguka swali moja: shoti itamfikiaje mtu asiyetaka kuguswa, anayekimbia, anayepigana, au aliyekwisha kukukaba? Wahandisi wametoa majibu mengi, baadhi yake ya ustadi mkubwa. Lakini kwa muda mrefu jibu lililofanya kazi kuliko yote lilikuwa la kikatili: mfunge kwanza. Ni vizuri tulijue hilo leo, wakati tochi zenye shoti na vijifaa vya kutia kwenye mkoba vinauzwa mitandaoni kwa ahadi kwamba msichana akibonyeza kitufe tu, jambazi ataanguka kama gunia.

Warumi waliuona umeme wa samaki kuwa dawa. Mnamo mwaka 47 hivi, tabibu Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye maumivu ya kichwa yasiyokwisha awekewe taa wa umeme aliye hai mahali panapouma, na mwenye jongo amkanyage samaki huyo ufukweni mpaka mguu ufe ganzi hadi gotini. Baada ya hapo karne nyingi zilipita bila mtu kujua shoti ile ni kitu gani hasa.

Mwaka 1745 na 1746, Ewald von Kleist wa Pomerania na Pieter van Musschenbroek wa mji wa Leiden, Uholanzi, waligundua, kila mmoja kivyake, kwamba chupa ya kioo yenye maji inaweza kuhifadhi chaji ya umeme na kuiachia yote kwa mara moja. Musschenbroek alitikiswa vibaya hata akasema asingerudia jaribio lile kwa ufalme mzima wa Ufaransa. Huko Ufaransa kwenyewe, Padri Jean-Antoine Nollet aliwapanga walinzi 180 wa Mfalme Louis XV, wakashikana mikono, kisha akapitisha chaji ya chupa kwenye mstari mzima. Wote waliruka kwa wakati mmoja. Baadaye akawafanyia hivyo hivyo watawa wapatao 200. Askari wale hawakuwa wanyonge wa mwili, lakini walikuwa wamesimama kwa amri na kushika mikono kwa amri. Shoti iliwapata wote kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuachia.

Kisha akaja Luigi Galvani wa Bologna na miguu ya vyura iliyorukaruka mezani kwake. Mwaka 1791 alichapisha kazi yake, na dunia ikaanza kuelewa kwamba misuli inaamrishwa kwa umeme. Hapo ndipo msingi wa jambo zima ulipo. Ukiingiza umeme kutoka nje kwa mapigo yanayofaa, unaweza kuipa misuli ya mtu amri ambayo yeye mwenyewe hakuitoa. Miaka 99 baadaye, tarehe 6 Agosti 1890, gereza la Auburn katika jimbo la New York lilimwua William Kemmler kwa kiti cha umeme, akiwa mtu wa kwanza kuuawa hivyo. Shoti ya kwanza haikumwua. Ikabidi apigwe ya pili. Hata kwa mtu aliyefungwa mikanda mwili mzima, mbele ya madaktari, umeme haukufanya kazi kama wataalamu walivyoahidi.

Silaha yenyewe ilitoka zizini. Mwanzoni mwa karne ya 20 ranchi na machinjio ya Amerika zilianza kutumia fimbo ya umeme ya kuswagia ng'ombe: betri, koili ya kupandisha volti, na ncha mbili za chuma mwishoni. Mnyama anashtuka na kusonga mbele. Katika miaka ya 1930 polisi wa siasa wa Buenos Aires, chini ya Leopoldo Lugones mtoto, mwana wa mshairi mashuhuri wa jina hilo hilo, waliipeleka kwenye vyumba vya mahojiano. Waajentina waliiita picana. Kuanzia hapo umeme ulipendwa na watesaji wa kila bara, kwa kuwa unaumiza sana na huacha alama ndogo.

Wafaransa walipopigana Algeria kati ya 1954 na 1962, wanajeshi wao walitumia jenereta za mkono za simu za jeshi. Henri Alleg, mwandishi wa habari aliyepitia mateso hayo, aliyaeleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1958 na kukamatwa na serikali. Hapa kwetu Afrika Mashariki, walionusurika kwenye kambi za Waingereza nchini Kenya wakati wa Mau Mau walitaja shoti ya umeme kati ya mateso mengi waliyofanyiwa, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia zaidi ya Wakenya 5,000. Huko Alabama, tarehe 10 Februari 1965, Sherifu Jim Clark na watu wake waliwakimbiza nje ya mji wa Selma wanafunzi zaidi ya mia moja waliokuwa wakidai haki ya wazazi wao kupiga kura, huku wakiwachoma kwa fimbo za ng'ombe. Wengi wao walikuwa watoto.

Simulizi ya mtawa Palden Gyatso wa Tibet ndiyo inayonikaa zaidi moyoni. Mwaka 1990 mlinzi wa gereza alimsukumia rungu la umeme mdomoni, akapoteza meno mengi. Alipotoroka mwaka 1992 kwenda India, alibeba vifaa vya mateso vya aina ile ile, marungu ya umeme yakiwamo, ili dunia ivione kwa macho. Mwaka 1995 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mjini Geneva.

Nimekaa sana kwenye mateso haya kwa sababu yanafundisha jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Marungu yale na fimbo zile vilikuwa na betri ndogo tu. Vilimshinda binadamu kwa kuwa alikuwa amefungwa, amezungukwa au amebanwa ukutani, asiweze kuusogeza mwili wake mbali na zile ncha mbili. Ncha zikigusa ngozi zikiwa zimeachana sentimita tatu au nne, umeme unapita katika kipande kidogo cha nyama kilicho katikati yao. Maumivu ni makali, lakini mguu bado una nguvu na mkono bado unaweza kupiga. Mtu aliye huru akiguswa hivyo hujiondoa papo hapo, bila hata kufikiri, na akishajiondoa shoti imekwisha. Mwenye kushika mpini hufaidi kifaa hiki. Mwenye kushika makali, yule aliyevamiwa, ndiye anayeambiwa akinunue.

Aliyetaka kulibadilisha hilo alikuwa Mmarekani Jack Cover, mwanafizikia aliyefanya kazi katika mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini. Katika miaka ya 1960, wakati utekaji wa ndege ulipoanza kuwa tishio, Cover alikuwa akitafuta silaha inayoweza kumzuia mtu ndani ya ndege bila kumwua wala kutoboa bodi. Alisoma habari ya mtu aliyenasa kwenye ua wa umeme, akashindwa kusogea, lakini akatoka mzima. Wazo likamjia: badala ya kumsogelea mtu, mrushie mishale miwili midogo iliyofungwa kwenye nyaya nyembamba, umeme upite kutoka mshale mmoja hadi mwingine kupitia mwili wake. Hataza ilitoka mwaka 1974. Jina la silaha hiyo, Taser, alilichukua kwenye hadithi ya vijana ya mwaka 1911 kuhusu Tom Swift na bunduki yake ya umeme. Katika hadithi hiyo kijana mweupe anakuja Afrika kuwinda tembo, na watu wa bara hili wamechorwa humo kama washenzi wa kuogopwa. Inaumiza kuona kwamba jina linalotajwa kila siku katika vituo vya polisi duniani lilitoka huko.

Silaha ya Cover ilitumia baruti kurusha mishale, na mwaka 1976 serikali ya Marekani ikaihesabu kuwa bunduki. Soko likaanguka. Polisi wa Los Angeles waliichukua mwaka 1980, lakini nguvu yake ilikuwa ndogo. Usiku wa tarehe 3 Machi 1991 sajini mmoja wa polisi hao alimpiga Rodney King kwa mishale mara mbili, na bado King aliinuka. Kipigo cha marungu kilichofuata dunia nzima ilikiona kwenye video. Polisi walijitetea baadaye kwamba shoti ilikuwa imeshindwa.

Katikati ya miaka ya 1980, kampuni ya Nova Technologies ya Austin, Texas, iliwaletea raia kifaa cha kushika mkononi na kumgusisha mtu, bila mishale. Hicho ndicho babu wa vijifaa vingi vinavyouzwa leo. Habari iliyokifanya kijulikane kote Marekani ilitoka kituo cha polisi cha 106 huko Queens, New York, mwaka 1985: maofisa waligundulika wakikitumia kuwatesa watuhumiwa waliokuwa mikononi mwao ili wakiri makosa. Baadhi yao walifungwa. Kilitengenezwa kwa ajili ya raia anayejihami, kikaishia kutesa watu waliokwisha kukamatwa.

Mwaka 1993 ndugu wawili, Rick na Tom Smith wa Arizona, walimtafuta Cover, wakaondoa baruti na kuweka gesi ya naitrojeni, hivyo silaha yao ikaacha kuhesabiwa bunduki. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1999 kwa aina iliyoitwa M26, iliyopandishwa nguvu hadi wati 26, na mwaka 2003 kwa X26 iliyokuwa ndogo na nyepesi zaidi. X26 hutoa mapigo 19 hivi kwa sekunde, kwa sekunde tano kila kifyatuo kinapobonyezwa. Mapigo hayo hayaishii kwenye maumivu. Yanaingilia mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli, na misuli ikipokea amri nyingi kiasi hicho hukaza yote pamoja. Mtu anaanguka akiwa na akili zake timamu, anasikia kila kitu, lakini mwili haumtii.

Yote hayo yanategemea nafasi kati ya mshale na mshale. Mishale hutoka kwenye silaha ikiachana kwa pembe ndogo, kiasi kwamba kwenye umbali wa mita mbili hivi inakuwa imeachana kama sentimita 30. Hapo umeme unashika misuli mingi, na mtu huanguka. Kwa umbali wa nusu mita mishale inatua karibu karibu, misuli inayoshikwa ni michache, na aliyepigwa anaweza kuendelea kuja. Mshale mmoja ukining'inia kwenye koti pana, au ukakosa kabisa, hakuna kinachotokea. Sasa fikiria jinsi uvamizi unavyokuwa mtaani. Anayekupora simu au kukuvuta kwenye kichochoro hasimami mita mbili na nusu akikusubiri utoe kifaa mkobani. Anakuwa amekwisha kukushika.

Polisi hawana shida hiyo kwa kiwango kile kile, kwani wao huchagua mahali pa kusimama, huwa wawili au watatu, na wamefunzwa. Hata hivyo, Idara ya Polisi ya Los Angeles iliripoti kwamba mwaka 2015 silaha hizo zilifanikiwa katika zaidi kidogo ya nusu tu ya matukio. Uchunguzi wa waandishi wa shirika la habari la APM uliotolewa mwaka 2019 ulikuta watu 258 nchini Marekani, katika miaka mitatu, ambao polisi waliwapiga shoti, shoti ikashindwa kuwazuia, kisha wakawaua kwa risasi. Upande wa pili nao una ushahidi wake, na ni haki kuusema. Utafiti wa mwaka 2009 uliochunguza idara 12 za polisi uliona kwamba palipotumika silaha za umeme, uwezekano wa mtuhumiwa kujeruhiwa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 60. Mwingine wa mwaka huo huo, uliofuatilia watu 1,201 waliopigwa shoti, ulikuta asilimia 99.75 yao hawakuumia au waliumia kidogo tu.

Lakini wachache waliobaki ni watu pia. Mwaka 2007, kwenye uwanja wa ndege wa Vancouver, Robert Dziekański, mhamiaji kutoka Poland aliyekuwa amechoka na asiyejua Kiingereza, alipigwa shoti mara tano na akafa hapo hapo. Mwaka 2009 kampuni ya akina Smith ilianza kuwashauri polisi wasilenge kifua, na mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilikuwa limekusanya matukio zaidi ya 1,000 ya watu waliokufa nchini Marekani baada ya polisi kutumia silaha hizo, mara nyingi pamoja na nguvu nyingine. Baba mwenye ugonjwa wa moyo, mlevi, kijana aliyechanganyikiwa akili: hao ndio walio hatarini zaidi, na hao ndio polisi wanaokutana nao mara nyingi.

Turudi kwa raia na kifaa chake cha mkononi. Matangazo yanataja volti milioni kumi, milioni ishirini, hata zaidi. Mnunuzi anaweza kuyapima bila kufungua kifaa. Hewa kavu huachia cheche kwa volti 30,000 hivi kwa kila sentimita. Tazama zile ncha mbili ambazo cheche inaruka katikati yake. Kama zimeachana sentimita tatu, basi volti haziwezi kuzidi sana 100,000, kwani cheche ingekwisha kuruka kabla hazijapanda zaidi. Kifaa cha kweli cha volti milioni kumi kingehitaji ncha zilizoachana zaidi ya mita tatu. Na volti zenyewe hazisemi mengi: kusugua sweta ya nailoni siku ya ukavu kunaweza kuleta maelfu kadhaa, tukaruka kidogo tukaendelea na shughuli zetu. Kinachomwangusha mtu ni chaji inayoingia mwilini kwa kila pigo, muda inaoingia, na umbali inaosafiri ndani ya misuli. Hayo hayaandikwi kwenye boksi.

Je, kifaa hiki hakijamwokoa mtu yeyote? Kimewaokoa, na kisa kinachojulikana zaidi kilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2016, kutoka jimbo la Massachusetts. Mwanamke aliyekuwa akipigwa na mwanamume waliyeachana alikuwa amepata amri za mahakama dhidi yake, moja baada ya nyingine, zisimsaidie kitu. Rafiki yake akampa kifaa cha shoti. Usiku mmoja mwanamume huyo alimsubiri nje ya kazini kwake, akipiga kelele. Mwanamke alikuwa mfupi na mwepesi kuliko yeye kwa mbali. Akakitoa kifaa, akamwambia kwamba atakitumia asipomwacha. Mwanamume akaondoka. Baadaye polisi walikikuta mkobani, akahukumiwa kwa kuwa sheria ya jimbo ilikikataza, mpaka Mahakama ya Juu ilipoitengua hukumu ile. Uingereza, kwa upande wake, bado inakihesabu kuwa silaha iliyopigwa marufuku kwa raia chini ya sheria ya mwaka 1968. Msafiri anayekitia begini kwenda London anajiweka kwenye hatari ya kukamatwa.

Kifaa kile kilimwokoa mama yule bila kumgusa mtu. Alikitoa mapema, kukiwa bado na nafasi kati yao, akakionyesha, akasema kwa sauti. Naamini nguvu yote ilikuwa hapo, katika kuwahi, katika umbali, na katika kutamka wazi kwamba hakubali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu hukumbwa na ukatili wa kimwili au wa kingono maishani mwake, na sehemu kubwa hutoka kwa mume au mpenzi. Mtu huyo anajua mkoba unapowekwa. Kikitolewa kwa kuchelewa, kinanyakuliwa, na aliyekinyakua anakuwa ameshika mpini tena.

Nairobi ina ushahidi ambao wauza tochi hawautaji. Katika mitaa ya mabanda, Korogocho na Dandora zikiwamo, wasichana wa shule walipewa mafunzo ya kujihami kwa vipindi sita vya saa mbili mbili: kutambua hatari mapema, kukataa kwa sauti kubwa, kuvuta macho ya watu, kupiga sehemu dhaifu za mwili, kukimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba wasichana waliosema wamebakwa au kushambuliwa kingono katika mwaka mmoja walishuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2. Mwingine wa mwaka 2014, uliowahusu wasichana karibu 2,000, ulikuta zaidi ya nusu ya waliofundishwa walikuwa wametumia mafunzo hayo kuzuia shambulio ndani ya mwaka uliofuata. Hawakuwa na betri wala kitufe.

Kisha wavulana wa mitaa hiyo hiyo nao walifundishwa, katika darasa lao wenyewe, jinsi ya kuingilia kati wanapoona msichana anashambuliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba karibu robo tatu ya wavulana waliofundishwa na kushuhudia shambulio walifanikiwa kulizuia. Kati ya wasiofundishwa, ilikuwa kama robo.